Gari Linazima Asubuhi, Likifika Gereji Limepona

Saa 12 na robo asubuhi, Bugarika, Mwanza. Gari limelala mteremkoni na jiwe nyuma ya tairi, kama yalivyo magari yote ya sisi tuliojenga juu ya miamba. Unapiga selfu, injini inaitika palepale, inanguruma sekunde tatu nne, mshale wa resi unashuka, kimya. Unapiga tena. Linawaka, linazima. Mara ya tatu unakanyaga mafuta kidogo na kuushikilia mguu hapohapo, kama mtu anayembembeleza mtoto asiamke, na baada ya dakika mbili linatulia. Unateremka nalo mpaka Nyakato kwa fundi, unamweleza yote hayo. Anawasha: linawaka. Anazima, anawasha tena: linawaka. Anakutazama.

Nimekuwa mtu huyo kwa miezi minne. Gari lenyewe ni Corolla ya mwaka 1990, injini ya 4A-FE, ya nozeli zinazopuliza petroli badala ya kabureta, lakini bado ina disitributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi. Katika miezi hiyo nilibadilishiwa plagi, kisha filta ya petroli, kisha pampu nzima ndani ya tangi, na kila kulipokucha gari likazima kama jana yake. Haya ninayoyaandika niliyaelewa baadaye, baada ya fundi mmoja mzee kukataa kufungua boneti siku niliyompelekea. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka kwa moto. "Hili leo si gonjwa," akasema. "Liache lilale hapa. Kesho uje kabla sijanywa chai."

Hapo ndipo ugonjwa huu unapowashinda hata mafundi wazuri. Unajitokeza mara moja kwa siku, kwa dakika mbili, na safari ya kuupeleka kwa tabibu inauponya. Anayepokea gari la moto anatibu maneno ya mwenye gari, na kwa maneno tu kila kitu chaweza kuwa plagi.

Baridi gani, Mwanza hii?

Mwambie mtu wa Mwanza kwamba gari lake linasumbuliwa na baridi, atacheka. Baridi ni Makete, ni Njombe mwezi wa Julai. Kwetu alfajiri ya nyuzi 17 au 18 watu huvaa sweta wakalalamika. Lakini injini ina hesabu yake. Joto lake la kazi ni pale maji yake yanapofika nyuzi 80 hadi 95. Iliyolala usiku kucha ikaamka na nyuzi 18 iko chini ya hapo kwa zaidi ya nyuzi 60, na kwake hiyo ni baridi kamili, iwe Makete au Kirumba.

Ndiyo maana kuegesha kwa muda mfupi hakuleti shida. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025, niliwahi kukaa kwenye foleni ya kivuko karibu saa nzima nimezima injini, na nilipowasha gari likawaka bila neno. Chuma kingi namna ile hakipoi kwa saa moja. Dalili ya kuzima asubuhi tu, na si baada ya kupumzika kidogo mchana, inatosha kukuonyesha kwamba unatafuta kitu kinachohusiana na joto, na si kitu kilichovunjika moja kwa moja. Pampu iliyokufa haichagui saa. Laiti ningeliwaza hilo kabla ya kununua pampu.

Kwa nini baridi inaipa injini taabu? Petroli haiungui ikiwa majimaji, huungua ikiwa mvuke. Injini ikiwa ya moto, karibu yote inayopulizwa na nozeli hugeuka mvuke, na mchanganyiko unaotakiwa ni kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Injini ikiwa baridi, sehemu kubwa ya petroli hiyo hujibandika kwenye kuta za manifodi, yale mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda, na migongo ya valvu, kama mvuke unavyojibandika kwenye mfuniko wa sufuria. Inayobaki hewani haitoshi kuungua vizuri. Kwa hiyo petroli lazima iongezwe. Na kwa kuwa oili ni nzito na vyuma bado vinabanana, injini inahitaji nguvu zaidi hata ya kujizungusha yenyewe, kwa hiyo hewa nayo lazima iongezwe. Sailensa, namna mafundi wetu wanavyouita mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, hupanda hadi kama 1,500 kwa dakika, kisha hushuka taratibu kuelekea 800 kadiri moto unavyopanda.

Zamani kazi hizo mbili zilikuwa za dereva. Aliyeendesha Land Rover 109 anaikumbuka choki: unaivuta, kabureta inabanwa hewa ili petroli iwe nyingi, na wakati huohuo throto, ule mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta, inafunguliwa kidogo. Gari likizima asubuhi unajua umekosea wewe. Magari ya nozeli yametunyang'anya choki, kazi yake yakaigawa kwa vifaa kadhaa ambavyo havionekani kutoka kwenye kiti. Gari linapozima asubuhi, mmoja wao hakuamka.

Mguu na saa

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo chochote. Injini inapoanza kufifia, kanyaga mafuta kidogo sana. Ikishika na kuendelea, basi ilikosa hewa: mguu wako umefungua mlango ambao kifaa fulani kilipaswa kukufungulia. Ukikanyaga ikakohoa, ikapiga chafya kwenye njia ya hewa, ikafa haraka zaidi, basi ilikosa petroli: mchanganyiko ulikuwa mwepesi, nawe umeuongezea hewa. Kipimo hiki hudanganya mara mojamoja, lakini hukupa upande wa kuanzia, na hakuna fundi hata mmoja kati ya wale watatu wa kwanza aliyeniuliza.

Yule mzee aliniuliza, akaongeza la pili ambalo sikuwa na jibu lake. "Linazima sekunde ya ngapi?"

Sikuwahi kuhesabu. Akaniambia, "Ng'wanawane," yaani mwanangu, "hesabu, ndiyo nusu ya kazi." Gari linalozima papo hapo unapoachia swichi irudi kutoka kwenye selfu lina kesi ya umeme. Kwenye Toyota nyingi za zama hizo, pampu hupata umeme kwa njia moja wakati selfu inazungusha, na kwa njia nyingine, kupitia relei (swichi ya umeme) inayoshikiliwa na kontroliboksi, yaani kompyuta ya injini, baada ya injini kuwaka. Njia ya pili ikikatika, injini inawaka na kufa kidole kikiachia tu, na mara nyingi haijali baridi wala joto. Linalozima sekunde ya tatu hadi ya tano limekosa nyongeza ya petroli au ya hewa. Linalodumu nusu dakika halafu likafa unapoingiza D au kuwasha taa na feni lina sailensa ya chini isiyohimili mzigo. Langu lilizima sekunde ya nne, na mguu uliliokoa.

Kuna jambo lililonishangaza kuhusu namna mzee alivyofanya kazi. Kila asubuhi alipima kitu kimoja tu. Baada ya kuwasha mara mbili tatu injini haiko baridi tena, na kipimo kinachofuata ni cha uongo. Vipimo visivyohitaji kuwasha alivimaliza kwanza, kisha akawasha, akatazama, akazima, akaniambia nirudi kesho. Gari lilikaa kwake siku tatu. Ukimwona fundi ana haraka na ugonjwa wa namna hii, mpe kazi nyingine ya kufanya.

Sensa inayodanganya bila taa kuwaka

Asubuhi ya kwanza alianza na sensa ya joto la maji, na hapa panahitaji kukaa kidogo, maana ndipo mahali pa kwanza pa kushuku katika gari lolote la nozeli lenye ugonjwa huu.

Kontroliboksi haina mkono wa kugusa injini. Inachojua kuhusu joto ni upinzani wa umeme unaosomwa kwenye sensa ndogo ya shaba iliyozama kwenye maji ya injini. Sensa hiyo hufanya kazi kinyumenyume: ikiwa baridi upinzani ni mkubwa, ikipata moto unapungua. Kwa Toyota hizi, kwenye nyuzi 20 multimita inapaswa kusoma kati ya ohm 2,000 na 3,000, na kwenye nyuzi 80 karibu ohm 300. Asubuhi, kabla ya kuwasha, chomoa soketi, weka nyaya za multimita kwenye ncha mbili za sensa, soma. Ukiona 2,400, sensa inasema kweli. Ukiona 600 alfajiri ya nyuzi 18, sensa inaiambia kontroliboksi kwamba injini ina nyuzi kama 60, na kontroliboksi, ikiamini, inainyima petroli ya asubuhi. Injini inawaka kwa petroli ya selfu, kisha inazima kwa njaa.

Watu hukosea hapa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutazama mshale wa joto kwenye dashibodi na kusema sensa ni nzima. Mshale una sensa yake, kwa kawaida ya waya mmoja; ya kontroliboksi ni nyingine, ya nyaya mbili, na hazijuani. Nimeona mtu akinunua ile ya waya mmoja, akaifunga, akarudi kulalamika.

Ya pili ni kuitegemea taa ya injini. Kwenye Toyota za kabla ya mashine za siku hizi unaweza kusoma makosa kwa kipande cha waya: kwenye kile kiboksi cha plastiki chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS unaunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1, unafungua swichi bila kuwasha, unahesabu taa ikikonyeza. Ikikonyeza mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kosa lililoandikwa. Ikikonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza mara mbili, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Lakini kosa 22 huandikwa pale waya unapokatika au kugusana, yaani jibu linapotoka nje ya yale yanayowezekana. Hapo kontroliboksi huiacha sensa na kujiwekea nyuzi 80 za kubahatisha, na asubuhi gari huteseka. Sensa iliyochoka, inayosema 60 wakati ni 18, haijatoka nje ya mipaka. Nyuzi 60 ni jibu halali. Hakuna taa itakayowaka, na fundi wa kusoma taa tu atasema injini haina tatizo. Na ukiambiwa gari la mwaka 1990 limepimwa kwa ile mashine ndogo ya kuchomeka chini ya usukani, uliza imechomekwa wapi, maana tundu lake halipo.

Langu lilisoma 2,350. Taa ilikonyeza mfululizo. Mzee akafunga soketi, akawasha, likazima sekunde ya nne, akaniambia, "Kesho."

Wakati nasubiri bajaji nilimuuliza kuhusu thamostati, kwa sababu fundi wa pili alikuwa ameniambia waziwazi kwamba aliitoa "ili gari lisichemshe milima hii". Mzee alitikisa kichwa. Jambo hili limekuwa desturi kwetu na ni desturi mbaya. Thamostati ni mlango unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Ukiitoa, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, na injini inachukua safari nzima ya kutoka Mkuyuni hadi mjini bila kufika joto lake. Kontroliboksi inaona maji ya nyuzi 50, inaendelea kumimina petroli ya asubuhi mpaka saa 2. Plagi zinapata masizi, petroli inaisha haraka, na masizi hayo kesho yake yanaongeza taabu ya kuwaka. Gari linalochemsha lina sababu: rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, mfuniko wa rejeta uliolegea. Mfuniko ni muhimu zaidi kwetu kuliko kwa watu wa pwani, kwa kuwa ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Alinifungia thamostati mpya. Haikuponya kuzima, wala hakuniahidi kwamba ingeponya.

Petroli iliyorudi tangini usiku

Asubuhi ya pili ilikuwa ya presha. Petroli kwenye bomba la nozeli hukaa imebanwa hata gari likizimwa, kwa sababu pampu ina valvu ndogo inayoizuia isirudi. Valvu hiyo ikichoka, au nozeli moja ikivuja, presha hushuka polepole usiku. Asubuhi selfu inazungusha, petroli kidogo iliyopo inaungua, halafu kunakuwa na pengo kabla pampu haijajaza bomba upya. Mara nyingi hiyo huonekana kama selfu ndefu zaidi kuliko kuzima, lakini yote mawili hutokea.

Wengi hushauri ufungue swichi mara tatu nne bila kuwasha ili pampu ijaze. Kwa magari mengi ni ushauri mzuri. Kwa Toyota nyingi za zamani haufanyi kitu, maana pampu yake haizunguki mpaka selfu izunguke au injini iwake. Mzee alirudi kwenye kiboksi kilekile, akaunganisha +B na FP kwa waya, akafungua swichi. Pampu ikaanza kuimba ndani ya tangi, na petroli ikasikika ikipita kwenye bomba la kurudi. Akaacha sekunde 30, akatoa waya, akawasha. Kama ungekuwa ugonjwa wa presha, asubuhi ile lingewaka na kubaki. Likazima sekunde ya nne.

Akachomoa pia kampira kembamba ka vakyumu, yaani mnyonyo wa hewa wa injini, kwenye regyuleta inayodhibiti presha ya petroli, akanusa. Kakiwa kamelowa petroli, ngozi ya ndani imepasuka na petroli inanyonywa moja kwa moja kwenye manifodi. Kalikuwa kakavu. Kipimo hicho hakina gharama, na hata mwenye gari anaweza kukifanya, ilimradi asiwe na sigara mdomoni.

Nozeli ya tano niitaje tu. Injini kama yangu zina nozeli ya ziada inayopuliza wakati wa selfu pekee, injini ikiwa baridi. Ikifa, gari linakuwa gumu kuwaka. Ikivuja, linanuka petroli na kutoa moshi mweusi. Kuzima sekunde ya nne si tabia yake.

Umande wa ziwa

Kuhusu moto wa plagi nitasema machache, kwa sababu ndicho kitu mafundi wote hukianza na mimi nilikwisha lipia. Lakini kwa anayeishi karibu na maji, pale Kirumba, Igombe au upande wa Kayenze, kuna jambo la kweli. Waya za plagi na kofia ya disitributa zikizeeka hupata nyufa zisizoonekana, na alfajiri yenye umande, hasa kati ya Machi na Mei, umeme huteleza juu ya unyevu ukaenda kwenye chuma badala ya plagi. Injini inamisi, inatetemeka, inazima. Ikipata moto unyevu unakauka, na ushahidi unapotea kama ilivyo kwa magonjwa yote ya familia hii. Fungua boneti gizani gari likiwa linanguruma, nyunyiza maji kidogo sana kwa chupa ya kupigia pasi. Ukiona cheche za buluu zikikimbia kwenye waya, umepata mwizi wako. Kwa multimita, waya wa Toyota unaozidi ohm 25,000 haufai tena.

Tofauti ni kwamba injini inayozima kwa moto wa plagi huzima kwa kutikisika na kurukaruka. Yangu ilizima kwa upole, mshale ukiteremka kama mtu anayesinzia. Huo upole ni dalili pia.

Mipira ya vakyumu iliyopasuka nayo hushtakiwa sana, na hapa lazima ujue injini yako inapimaje hewa. Ile yenye kipimo cha hewa kwenye bomba la kuingilia, ikipata tundu baada ya kipimo, inaingiza hewa isiyohesabiwa. Mchanganyiko unakuwa mwepesi na asubuhi inazima. Injini kama yangu haipimi hewa, inapima vakyumu ya manifodi kwa sensa ya mapu. Tundu dogo huwa linapandisha sailensa badala ya kuiua. Lakini kampira kenyewe kanakopeleka vakyumu kwenye sensa ya mapu kakichomoka au kakipasuka, kontroliboksi inadhani umekanyaga mpaka chini, inamwaga petroli, na injini inazama.

Betri dhaifu, kompresheni iliyochoka, oili nzito kupita kiasi: vyote vinawezekana, lakini vina dalili nyingine mchana kutwa. Ninachotaka kukitaja ni tabia ya kuchomoa terminali ya betri kila usiku kwa hofu ya kuisha chaji au kuibiwa. Kontroliboksi hutunza marekebisho iliyojifunza kwa umeme kidogo wa betri. Ukiuondoa, kila asubuhi inaanza upya kama mwanafunzi aliyefutiwa daftari. Na wale wa mialoni wenye madumu mawili, la gari na la mashine ya mtumbwi, wasiyachanganye. Petroli yenye oili ya mashine ya mtumbwi inalowesha plagi za gari na kutoa moshi mpaka majirani wakusalimie kwa kukohoa.

Mipira miwili iliyounganishwa

Asubuhi ya tatu ilikuwa ya hewa, ambako mguu wangu ulikuwa umeelekeza tangu mwanzo. Mzee angeweza kuanzia huko, nikamuuliza kwa nini hakuanza. Akajibu kwamba sensa na petroli zina kipimo cha uhakika, na hewa lazima ushuku.

Hewa ya ziada ya asubuhi hupita pembeni ya throto. Kwenye injini za baadaye njia hiyo hufunguliwa na valvu ya umeme inayotii kontroliboksi, na adui wake mkubwa ni masizi meusi yenye oili yanayoigandisha. Kuisafisha kwa dawa ya kabureta mara nyingi humaliza kesi. Kwenye injini kama yangu kazi hufanywa na nta. Ndani ya throto kuna kifuko cha nta kinachopashwa moto na maji ya injini yanayoletwa na mipira miwili midogo. Nta ikiwa baridi hunywea, njia ya hewa inakuwa wazi. Ikipata moto hutanuka, inaifunga. Hakuna waya, hakuna kontroliboksi.

Mzee alichukua tochi, akainama, akanyamaza kidogo. Kisha akaniita nitazame. Mipira yote miwili haikufika kwenye throto. Ilikuwa imeunganishwa yenyewe kwa yenyewe, kwa kipande cha bomba na klipu mbili.

Nikakumbuka. Miaka miwili nyuma, Usagara, mpira mmoja ulipasuka nikielekea Shinyanga. Fundi wa barabarani aliunganisha ile mipira ili maji yasivuje, akanifikisha safari yangu, nami nikamshukuru kwa dhati na kusahau. Baada ya hapo sailensa ikawa juu muda wote. Bila maji ya moto nta ilibaki imenywea na njia ya hewa ikabaki wazi. Gari likipata moto, mshale ulipanda hadi 1,800 na kushuka na kupanda tena, kwa sababu kontroliboksi ikiona throto imefungwa na mzunguko mkubwa hivyo inadhani unateremka mlima, inakata petroli, mzunguko unashuka, inairudisha. Mimi nililalamika sailensa ni kubwa. Gereji fulani, kwa ombi langu mwenyewe, ilikaza skrubu ya hewa mpaka ikatulia kwenye 800 gari likiwa la moto.

Hapo ndipo ugonjwa ulipozaliwa. Skrubu ile iliondoa hewa ambayo nta ilikuwa ikiiacha ipite, na kwa kuwa nta haikuwa ikibadilika tena, asubuhi injini ilipata hewa ileile ya mchana. Hewa ya kuzungusha injini ya moto mara 800 haitoshi kuizungusha injini baridi hata mara 400. Ilianza kuzima wiki ileile, na sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili kwa sababu gari lilitoka gereji likiwa limetulia vizuri kabisa.

Mzee alinunua mpira wa kukata, akarudisha maji kwenye throto, akatoa upepo kwenye rejeta. Akapasha injini moto hadi feni ikazunguka mara mbili, ndipo akaigusa skrubu, akaifungua taratibu mpaka 800. Hakuiwasha tena kunionyesha. Alisema hakuna cha kuonyesha mpaka kesho.

Saa 12 na robo, Bugarika, niliondoa jiwe na kupiga selfu mguu ukiwa mbali na pedali. Mshale ulipanda hadi 1,500 ukakaa. Baada ya dakika tano ulikuwa 1,100, na nilipofika Mabatini ulikuwa umetulia kwenye 800. Pampu yangu ya zamani bado iko kwenye boksi lake chini ya kiti. Mzee aliiunganisha kwenye betri siku ile akaisikiliza, akanirudishia. "Nzima," alisema. "Itunze."